Dakika Tatu za Ukungu

Kavinya alichomeka waya wa simu kwenye kompyuta, akangoja ule mlio wake, akaanza kuhamisha video za ubatizo. Nzomo alikuwa kwenye stuli ya wateja, kofia juu ya goti, macho kwenye kioo. Alikuwa amestaafu upelelezi miezi saba, lakini macho yake hayakuwa yamepata barua. Nje jua la Voi lilikuwa limewafukuza hata mbuzi barabarani.

"Mzee, hii ya mwisho uliikata?"

"Gani?"

"Ya mtoto akimwagiwa maji. Naona iko ndefu na iko fupi."

"Niliipunguza mwisho. Kuna mtu anakoroma kanisani."

"Nani huyo?"

"Endelea na kazi."

Kavinya aliifungua ile ndefu, akaongeza sauti, akasikiliza mkoromo, kisha akamwangalia mzee juu ya miwani. Alikuwa na duka hilo la kompyuta karibu na soko kwa miaka kumi na mbili, na alijua mteja anaposhikwa huwa anajimaliza mwenyewe.

Nzomo hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amesimama, pua inataka kugusa kioo. Kulikuwa na mistari miwili, mmoja juu ya mwingine. Wa kwanza uliandikwa IMG_0388. Wa pili uliandikwa IMG_E0388.

"Hiyo E umeiweka wewe?"

"Mimi? Nitaiweka ya nini?"

"Basi ni kompyuta yako. Ina virusi."

"Kompyuta yangu haina virusi, mzee. Hiyo ni simu. Hii aina ya simu, ukikata video, haitupi ile ya kwanza. Inailaza chini, halafu inakuonyesha ile umekata. Kwa simu unaona moja tu, na jina moja. Ukileta kwa kompyuta zinatoka zote mbili. Na sasa haziwezi kukaa folda moja na jina moja, kama pacha wawili wote waitwe Musyoka. Kwa hivyo ile imekatwa inabandikwa E."

"Kwa simu inaitwaje?"

"Angalia mwenyewe."

Nzomo aliangalia. Kwenye simu, video fupi iliitwa IMG_0388. E haikuwepo.

Alikaa tena. Akatoa mfukoni daftari la shule lililokunjwa katikati, akalamba kidole, akatafuta ukurasa mweupe.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Piga video hapa. Usiikate. Hamisha. Halafu ikate, uhamishe tena."

Kavinya alipiga video ya feni ikizunguka. Bila kukatwa, ilihama na jina lake, haina E. Alipoikata sekunde mbili na kuihamisha tena, zilitoka mbili, na iliyokatwa ilikuwa na E. Nzomo akaandika. Akamwambia abadilishe waya. E ikatoka. Akamwambia atumie ile kompyuta nyingine ya pembeni, ile ya wanafunzi. E ikatoka. Akamwambia ajaribu na simu yake Kavinya, ambayo ilikuwa ya kampuni nyingine. Hiyo haikutoa E. Iliyokatwa ilijiandikisha mapema kama video nyingine, na kinamba kidogo mkiani.

"Kila simu na ukoo wake," Kavinya alisema. "Kuna zinazobatiza nyumbani, kuna zinazongoja zifike mjini."

"Na zikitoka mbili, zinakaaje hapo kwa kioo?"

"Hivi, moja juu ya nyingine. Picha zake ndogo zinafanana. Watu wengi hufikiri moja ni kopi, wanachukua moja wanaacha nyingine."

Nzomo aliacha kuandika. Akafunika kalamu.

"Mzee, kwani kuna nini?"

"Kuna mtu amefungwa."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa hiyo E."

*

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na labda hapo ndipo ilipoharibika. Miaka mitatu kasoro kidogo iliyopita, huko Werugha, dalali wa mboga aliyeitwa Gabriel alikutwa chini ya matuta ya shamba, nyuma ya kibanda cha kukusanyia mazao, kichwa kimepasuliwa. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amempiga kofi sokoni Voi dereva wa pikapu, Jeconia Omolo wa mtaa wa Kaloleni, mbele ya watu, kwa sababu ya kreti za nyanya zilizobondeka. Mchana dereva huyo huyo akapanda Werugha kuchukua kabeji. Jioni Gabriel akawa maiti. Nehemiah, mwenzake Gabriel katika biashara, aliapa kwamba siku hiyo yeye hakupanda Werugha, mchana alikuwa Taveta, na kwamba asubuhi pale sokoni alimsikia Jeconia akisema kofi lile litarudi kwa mwenyewe.

Jeconia alikuwa na kinga moja. Mkulima anayeitwa Phoebe alikuwa amepiga video ya kabeji zake zikipakiwa, amtumie binti yake Moureen anayefanya kazi Doha. Sekunde thelathini na moja. Jeconia anafunga mlango wa nyuma wa pikapu, anaingia, anaondoka. Gabriel anabaki amesimama, mzima, anapunga mkono.

Nzomo ndiye aliyeihamisha video hiyo. Kwenye fomu aliandika jina aliloliona kwenye simu, IMG_0716. Diski ilipofunguliwa mahakamani ikasoma IMG_E0716. Wakili wa serikali akamgeukia Phoebe.

"Mama, uliichezea hii video?"

"Mimi ni mtu mzima. Sichezi."

Watu wakacheka.

"Uliibadilisha?"

"Sikubadilisha."

Akaitwa Nzomo. Akaulizwa E ni nini. Akasema ni alama kwamba video imehaririwa. Akaulizwa kama kulikuwa na faili nyingine. Akasema hapana. Jaji akaiweka video kando, na maneno ya Phoebe akayaweka hapo hapo pamoja nayo. Jeconia akapewa miaka ishirini na mitano.

*

Kaloleni, mke wa Jeconia alikuwa kibarazani na cherehani, anashona sare za shule. Jina lake Quinter. Alimwona Nzomo tangu getini na hakuinua mguu kwenye kikanyagio mpaka alipofika kabisa.

"Afande."

"Nimestaafu, mama."

"Hiyo habari haijafika hapa."

Hakumpa kiti. Nzomo alisimama juani.

"Rufani inasikizwa lini?"

"Jumatatu. Na leo ni Jumatano, kama kule kustaafu hawahesabu siku. Wakili Peris amesema tukiingia mikono mitupu, tutatoka mikono mitupu. Hakuna rufani nyingine."

"Jeconia yukoje?"

"Uliza vizuri. Uliza jicho."

"Jicho gani?"

"La kushoto. Lilianza na ukungu mwaka jana, sasa limefunga kabisa. La kulia nalo limeanza. Ananiambia, Quinter, nikitoka nitaendesha wilbaro." Alikata uzi kwa meno. "Ulikuja kuuliza hiyo?"

"Nilikuja kuuliza ile simu ya Phoebe."

Quinter alicheka, lakini si kicheko cha kukaribisha mtu.

"Yule mama alinunuliwa. Kila mtu anajua. Kama hana kitu anaficha, mbona aikate? Mtu anakata mahali ambapo kuna kitu. Na simu aliirudisha Doha kwa mtoto wake, nasikia. Nenda basi Doha."

Nzomo aliandika mambo mawili: *kwa nini alikata*, na *simu iko wapi*. Alikuwa amefanya kesi nzima, miezi minne, na hakuna siku alimuuliza Phoebe swali hilo la kwanza. Alimuuliza Quinter namba ya Wakili Peris. Alipewa, ikisomwa haraka haraka, mara moja tu.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi alikuwa Wundanyi na Kavinya, ambaye alifunga duka akabandika karatasi mlangoni kwamba amefiwa.

"Umefiwa na nani?" Nzomo alimuuliza.

"Nitamtafuta nikirudi."

Kompyuta ya mkononi ilikuwa ndani ya kikapu, imefunikwa leso. Huko juu baridi ilikuwa imekaa barabarani kama mwenyeji. Walipokuwa wakingoja pikipiki za kwenda Werugha, madereva wawili walikuwa wakibishana kama mvua itanyesha kabla ya saa sita.

"Hainyeshi," mmoja alisema.

"Hiyo ni E," mwenzake alimjibu.

Nzomo aligeuka. "Hiyo ni nini?"

"Ni uongo, mzee. Hapa tunasema E. Mtu akikuambia kitu cha uongo unamwambia, hiyo ni E."

"Tangu lini?"

"Aa, kulikuwa na kesi. Kuna bibi mmoja hapo Werugha, watoto humwita Mama E." Yule kijana alipiga pikipiki teke ikawaka. "Panda, tuende."

Nzomo alipanda. Hakuuliza nyumba ya bibi huyo ni ipi. Aliijua.

Phoebe alikuwa nyuma ya nyumba, ameketi kwenye kreti iliyopinduliwa, kisu mkononi na rundo la kabeji miguuni. Alikuwa amezeeka zaidi ya miaka ile mitatu. Alimjibu Kavinya salamu, akamwita mwanangu. Kwa Nzomo aliangalia viatu tu.

"Mara ile ulikuja na gari la serikali," alisema. "Leo umekuja na matope."

"Nimekuja kukuuliza swali moja ambalo sikukuuliza."

"Uliniuliza mengi. Hilo moja lilipotelea wapi?"

"Nani alikuambia uikate ile video?"

Phoebe aliendelea na kabeji yake. Alichuna jani la nje lililooza ukingoni, akachuna la pili, akalitupa kando kwa ng'ombe.

"Moureen. Nilimtumia ikakataa kwenda. Ikazunguka, ikazunguka. Akanipigia akasema mama, ni nzito, kata mkia. Akanifundisha. Bonyeza hapa, vuta hapa. Nikaona kale kamstari ka vipicha, mwanzo kabeji, gari, watu, halafu kote kweupe. Weupe mtupu mpaka mwisho. Nikakata weupe."

"Weupe wa nini?"

"Ukungu. Ng'ombe alikuwa ameingia kwenye spinachi. Nikailaza simu kifudifudi juu ya kreti, kioo kisipate manyunyu, nikakimbia. Nikasahau kuizima. Niliporudi ndipo nikaizima."

"Uliusikiliza huo ukungu?"

"Ukungu unasikilizwa?"

Kavinya na Nzomo hawakuangaliana.

"Mama Moureen," Nzomo alisema, "mahakamani kwa nini hukusema kwamba uliikata?"

"Mliniuliza kama niliikata?"

"Tulikuuliza kama uliibadilisha."

Phoebe aliinua kabeji moja nzima, majani ya nje yamelegea kama masikio.

"Hii ni nini?"

"Kabeji."

Alichuna majani matatu. "Na sasa?"

"Kabeji."

"Kila siku nachuna kabeji kabla haijashuka Voi. Hakuna mtu amewahi kuniambia nimebadilisha kabeji. Niliapa na Biblia mkononi. Kama ningeigeuza viazi, ningesema." Aliitupa kwenye rundo la zilizo safi. "Halafu ukapanda wewe ukasema E. Jumapili iliyofuata kanisani nikaambiwa nipumzike kidogo kusoma neno. Bado napumzika."

Nzomo alivua kofia, akaishika, akaivaa tena.

"Simu uliirudisha Doha?"

"Nilisema hivyo ili watu waache kuja kuiangalia. Iko ndani."

Ilikuwa ndani ya sanduku la bati alilosomea Moureen, chini ya shuka, imefungwa kwenye mfuko wa unga. Kioo kilikuwa kimepasuka pembeni. Kavinya aliiunganisha na betri yake ya mkobani, wakakaa kuiangalia kama wanaokaa na mgonjwa. Dakika tano, hakuna. Dakika kumi, hakuna. Phoebe alikwenda kuchemsha chai, akarudi. Wakati anamimina kikombe cha pili, lile tunda la nembo ya kampuni likatokea katikati ya kioo, jeupe.

Namba ya kufungulia ilikuwa mwaka aliozaliwa Moureen. Video ilikuwapo: IMG_0716, sekunde thelathini na moja.

"Nikibonyeza hapa ndani," Kavinya alisema, "inarudi nzima sasa hivi. Neno moja tu, inarudi kama ilivyopigwa."

"Usiguse."

"Si tunaitaka nzima?"

"Ukiirudisha, ile iliyokatwa inapotea na E yake. Jumatatu watasema tumeipika Alhamisi. Ihamishe kama ilivyo. Zitoke zote mbili, zimeshikana mikono. Na uandike saa uliyochomeka, saa uliyochomoa, na kila kitu ulichobonyeza."

Kavinya alichomeka. Akaandika saa nne na dakika hamsini. Kompyuta ikafikiri. Kisha mistari miwili ikatokea, mmoja juu ya mwingine, picha ndogo zikifanana: pikapu, na kabeji.

IMG_E0716, sekunde thelathini na moja.

IMG_0716, dakika nne na sekunde tisa.

"Cheza hiyo," Nzomo alisema.

Waliona waliyoyajua. Jeconia, macho yake mawili yakiwa mazima, anafunga mlango wa pikapu. Anaingia. Gabriel anapunga mkono. Gari linatoka kwenye picha. Hapo ndipo palipokatwa. Sasa picha haikukatika. Iliyumba, ikapinduka, ikatulia ikiangalia juu. Kioo kizima kikawa cheupe. Sauti ya Phoebe ikasikika ikimtukana ng'ombe, ikienda mbali. Sauti ya pikapu ikashuka mlima, ikapiga honi mara mbili konani.

"Hiyo ni kona ya kanisa," Phoebe alisema. "Jeconia lazima apige honi hapo. Mara mbili. Kila siku."

"Ameshaenda," Nzomo alisema. "Andika, Kavinya. Dakika ya kwanza na sekunde kumi na nane."

Kisha manyunyu kwenye kreti, tik, tik. Mtu akitembea kwenye matope, polepole. Mtu wa pili, haraka. Sauti ya Gabriel ilitoka karibu sana, mpaka Phoebe akashika mdomo.

"We! Nehemiah? Si ulisema uko Taveta?"

"Kuja huku nyuma tuongee."

"Tuongelee hapa."

"Kuja. Hapa kuna watu."

"Watu gani? Ni ukungu tu."

Hatua zikaenda. Zote mbili pamoja, zikiacha maji nyuma. Weupe ukabaki kwenye kioo, hauna juu hauna chini. Mbali, Phoebe alikuwa bado anamfukuza ng'ombe, anamwita mchawi. Halafu kikasikika kitu kama gunia likiangushwa. Mara moja. Ng'ombe akalia. Manyunyu yakaendelea. Baada ya muda mrefu buti zikaja, zikichapa, mkono ukatokea, uso wa Phoebe ukajaza kioo, mweusi juu ya weupe, akikodoa macho kutafuta mahali pa kuizimia. Video ikaisha.

Chai ilikuwa imepata utando.

"Nilikuwa pale," Phoebe alisema. "Hatua hamsini. Nikimtukana ng'ombe."

"Hukusikia?"

"Nilikuwa nasikia spinachi yangu." Aliangalia kile kisu chake. "Nilimkata mtu. Nilimkata nikamtupa na majani."

"Hukumtupa. Simu ilimweka."

"Miaka mitatu?"

"Yote."

"Basi nani alimtupa?"

Nzomo alikuwa amezoea kuuliza maswali ya namna hiyo, mafupi, yasiyo na dirisha. Aliisogeza kompyuta kidogo, isiwe katikati yao.

"Siku ile, kituoni, zilitoka mbili kama hivi. Niliziona. Nilichukua ya sekunde thelathini na moja kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeiona kwenye simu, nikairudisha simu kwako mchana huo huo. Nyingine nilisema ni kopi. Sikuifungua."

"Na mahakamani ukaulizwa kama kuna nyingine."

"Nikasema hapana."

"Ulikuwa umesahau?"

Kavinya alikuwa akikunja waya. Aliacha.

"Hapana," Nzomo alisema. "Nilikuwa nakumbuka vizuri. Ningesema iko, wangeuliza iko wapi, na mbona sikuileta. Nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja nistaafu."

Phoebe alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia aliyokuwa akiijua.

"Kwa hivyo pale juu," alisema, "kati ya mimi na wewe, E ilikuwa ya nani?"

Nzomo alitoka nje na simu yake, akasimama karibu na zizi ambako mawasiliano hushika, akampigia Wakili Peris. Alimweleza kila kitu kwa mpangilio: saa, waya, majina mawili, urefu wa kila moja, sauti. Wakili alimwacha amalize.

"Sauti itapelekwa kwa wataalamu," Peris alisema. "Huyo Nehemiah ni kazi ya wengine, usimsogelee. Mimi Jumatatu nataka kitu kimoja. Jaji ataniuliza, hii ndefu ilikuwa wapi wakati wote? Nahitaji kiapo cha afisa aliyehamisha mara ya kwanza. Aseme zilitoka mbili akachukua moja."

"Nitaandika."

"Bwana Nzomo, uliapa hakuna nyingine. Hilo linaweza kukurudia. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Unaweza kuandika tu kwamba ulichukua moja. Hiyo inamtosha Jeconia. Hayo mengine sitakulazimisha."

Aliporudi ndani, Phoebe alikuwa amepangusa meza. Nzomo alichana karatasi nne katikati ya daftari, akaandika kwa mkono, polepole, kwa zile herufi za kusimama walizofundishwa chuoni. Kavinya aliandika yake upande wa pili. Ilichukua muda wa ng'ombe kukamuliwa na mtu kurudi.

"Jeconia ataendesha tena?" Phoebe aliuliza akiwa na ndoo mlangoni.

"Jicho moja limekwenda. La pili linaenda."

"Alikuwa akipiga honi hapo konani hata kama hakuna mtu. Ukimuuliza anasema, labda kuna mtoto." Aliweka ndoo chini. "Soma ulichoandika."

Nzomo alisoma. Jina lake, cheo alichokuwa nacho, tarehe, kompyuta ipi, faili mbili, ipi aliichukua na ipi aliiacha. Kwamba herufi E huwekwa na simu yenyewe kwenye video iliyopunguzwa, na haionyeshi kwamba shahidi alidanganya. Kwamba Phoebe alisema kweli kwa namna alivyoulizwa. Sauti yake ilipofika mwisho ilishuka.

"'Niliulizwa kama kulikuwa na faili nyingine. Nikajibu hapana, nikijua kwamba nyingine niliiona.'"

Alishika kalamu juu ya mstari huo.

"Wakili anasema hapa mwisho naweza kupunguza," alisema. "Bila hayo maneno bado Jeconia anatoka. Hakuna kinachobadilika kwake."

Phoebe alikaa kwenye kreti yake, akavuta kabeji, akaishika mapajani bila kuichuna.

"Soma tena mwisho."

Akasoma tena.

"Mkia huo," Phoebe alisema, "usiukate."

Nzomo aliishusha kalamu chini ya mstari. Akaandika jina lake, la baba yake, na la babu yake, akaweka tarehe na saa. Kisha akamsogezea Phoebe karatasi, aone kama jina lake yeye ameliandika sawa.